Samaki Niliyemrudisha

Wanasema hasira hasara. Hasara mimi ninayo tayari, kwa hiyo mniachie hasira yangu.

Ijumaa ile ya mwezi Juni, kesho yake msimu wa uvuvi ungefunguliwa, nilitoka jioni kwenda kununua funza wa chambo. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Muuza duka alinipimia makopo mawili, wekundu na weupe, akaniuliza, "Mnakwenda Hollin na mvua yote hii, Alwyn?"

"Samaki wameshalowa," nikamjibu. "Hawatajali."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nje, ndani ya gari, mdogo wangu Ivor alikuwa amejikunyata kwenye koti langu, na macho yake yalikuwa ya manjano.

Ini. Miaka ishirini ya chupa. Nilimsema mimi, mkewe akamsema mpaka akachoka akahama, daktari akamsema. Sikio la kufa halisikii dawa. Mwezi wa Mei hospitali walimwambia kwamba majani ya miti yakianza kupukutika, baridi ikikaribia, asipange mambo yoyote. Naye akaniomba kitu kimoja tu: tufungue msimu pamoja kwenye bwawa la Hollin, kama tulivyofanya kila mwaka tangu tukiwa na suruali fupi. Nilikuwa na hasira naye kiasi cha kutaka kumshusha barabarani. Hata hivyo nikampakia.

"Umesahau mkate," akasema nilipoingia garini.

"Sijasahau."

"Uko wapi sasa?"

"Umeukalia, Ivor."

Getini tulimkuta Clive Bebb, katibu wa chama chetu cha wavuvi na mlinzi wa bwawa. Tulisoma naye. Clive ana sheria moja anayoiimba kama wimbo wa kanisani: kila samaki arudi majini, hai na mzima. Ni sheria nzuri, na nimeishi nayo miaka arobaini. Unalowesha mikono kwanza ili usimchubue. Unamlaza kwenye mkeka laini wa plastiki, unamtoa ndoana, unampima, unampiga picha. Halafu unapiga magoti, unamshika ndani ya maji mpaka apate nguvu, ndipo unamwachia. Mikono yangu inafanya hayo yenyewe hata nikiwa nusu usingizini.

Kumbukeni hilo.

Samaki tunayemfuata Hollin ni tenchi. Ni mnene, wa kijani kibichi, magamba madogo, ute mwingi, na jicho dogo jekundu. Wazee wa kwetu walimwita daktari. Walisema samaki mgonjwa akijisugua kwenye ute wake anapona, na kwamba hata yule samaki jangili mwenye meno makali anayemeza vifaranga vya bata humpisha daktari njia. Na tenchi ana tabia ya ajabu: hakimbii tope lililotibuliwa, analifuata. Kwa hiyo jioni ya kuamkia siku ya kuvua, tunatupa reki la chuma lenye meno pande mbili, limefungwa kamba, na kulivuta chini ya maji mara nyingi, mpaka magugu yatoke na tope lipande.

Nilimwacha Ivor hemani amejifunika blanketi, nikaenda kuvuta reki. Giza lilikuwa linaingia taratibu. Mvua ilikuwa inapiga mayungiyungi... ta, ta, ta. Nikatupa. Nikavuta. Nikatupa tena.

Mara ya tano, reki likashika.

Nikavuta kwa nguvu zote, nikitukana magugu, mvua, na Mungu aliyetengeneza ini. Halafu kamba ikawa nyepesi mikononi mwangu.

Mtu alikuwa ananisaidia kuvuta. Nyuma yangu.

Nikageuka. Alikuwa mzee, koti lake refu la mtindo wa zamani, kitambaa cha sufu kimezungushwa shingoni. Alinuka tope la chini kabisa, lile linalonuka mayai mabovu. Mvua ilikuwa inampiga usoni, inamwingia machoni.

Hakupepesa.

"Yule hemani," akanong'ona. "Ni wako?"

"Ni mdogo wangu."

"Ini."

Nikatazama kule hemani.

"Chukua daktari," akasema. "Wa kwanza wa asubuhi. Mlaze hapa." Akajigusa chini ya ubavu wa kulia. "Ngozi kwa ngozi. Atavuta. Utamwona anavyogeuka rangi. Mwache afie hapo hapo, kisha umzike pakavu."

"Na asipokufa?"

"Samaki nje ya maji hufa. Ukimwacha." Macho yake yalikuwa madogo, na mekundu. "Ila nyinyi watu wa siku hizi mna huruma ya ajabu. Mnamchoma mdomo kwa ndoana, halafu mnambembeleza."

Nikauliza swali la kijinga kuliko yote, kwa sababu ndivyo tulivyozoea kumwuliza mgeni yeyote: "Mzee, una kibali cha kuvua hapa?"

"Nilikuwa nalitunza bwawa hili enzi za nyumba kubwa."

Nyumba kubwa ilibomolewa kabla sijazaliwa. Niliinama kukusanya kamba. Nilipoinuka hakukuwa na mtu, ila harufu.

Alfajiri, vipovu vikaanza kupanda kwenye tope nililotibua. Vidogo vidogo, kama maji ya soda. Boya langu likatikisika, likalala chali, likazama. Samaki alipambana kwa uzito bila haraka, kama mlevi asiyetaka kutolewa baa. Nilimpata. Ratili sita.

Nilimbeba mpaka hemani. Ivor akatazama samaki, akanitazama mimi.

"Kaka, unataka kuniwekea hicho tumboni?"

"Fungua shati."

"Angalau tuchumbiane kwanza."

"Fungua shati, Ivor, kabla sijalichana!"

Nadhani aliona uso wangu. Akafungua. Tumbo lake lilikuwa limevimba, ngozi imekaza, rangi ya karatasi ya zamani. Nikamlaza samaki pale chini ya ubavu.

"Ana baridi, mshenzi huyu," akasema.

Tenchi hafi upesi. Mdomo wake ulifunguka, ukafunga. Pa... pa... pa. Mvua juu ya hema. Ivor akasinzia. Dakika kumi. Ishirini. Nikaona doa la njano likichomoza karibu na shavu la samaki, likaenea tumboni, likapanda ubavuni. Nikaleta tochi karibu. Ubavu mzima wa samaki ulikuwa umegeuka rangi ya binzari.

Na ile harufu tamutamu ya ugonjwa, ambayo nilikuwa nimeizoea kwa Ivor kwa mwaka mzima, haikuwepo.

Ivor akafumbua macho.

Yalikuwa meupe.

"Nina njaa," akasema. Hakuwa amelitamka neno hilo tangu Pasaka. Nikampa mkate aliokuwa ameukalia, akaula mkavu, makombo yakimwangukia samaki. Nililia. Sioni haya kusema.

Ndipo Clive akafungua hema.

"Alwyn! Huyo samaki anafanya nini hapo?"

"Toka nje, Clive."

"Amebadilika rangi! Mnamuua!"

"Nimesema toka!"

"Miaka arobaini kwenye chama," akabweka, mate yakimruka, "na leo unamtesa samaki kama mhuni wa mjini! Nakunyang'anya kibali. Nyote wawili! Nani amekuruhusu? Nani?"

Nikamnyakua samaki, nikampita Clive kwa bega. Nia yangu ilikuwa kwenda naye nyuma ya miti, pakavu, afie huko kama nilivyoambiwa. Naapa. Lakini njia inapita ukingoni. Clive alikuwa nyuma yangu anapiga kelele, mvua inanilowesha mikono, na samaki akanigeuzia lile jicho jekundu. Mdomo ukafunguka, ukafunga. Nikasema moyoni: ameshafanya kazi yake, maskini. Ivor ameshapona. Ya nini kumuua?

Magoti yangu yakapinda. Nikamshika ndani ya maji, nikamsubiri apate nguvu.

Mikono ikafunguka.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Ningependa kuwaambia kwamba ni Clive aliyemrudisha. Kwa miezi kadhaa nilijiambia hivyo. Ni mimi.

Jumamosi nzima Ivor alikula. Alikula soseji, mayai, maharage ya kopo, akaniibia biskuti zangu. Alitembea kulizunguka bwawa akiwatania wavuvi wengine chini ya miavuli yao. Hata Clive alimtazama, akasahau kutunyang'anya vibali.

Jioni nilikwenda ukingoni kuosha sufuria. Ng'ambo ya maji, kwenye matete, yule mzee alikuwa amesimama. Ni mbali pale, zaidi ya hatua mia. Lakini sauti yake ilikuja sikioni mwangu, chini chini.

"Umemrudisha."

"Amepona," nikasema. Nami nilikuwa nanong'ona, sijui kwa nini.

"Hajapona. Ugonjwa umelala ndani ya daktari, na daktari yu hai. Sasa wana pumzi moja, wale wawili. Huyu akikosa, na yule anakosa."

Akafungua kitambaa cha shingoni. Sikuona vizuri, mwanga ulikuwa hafifu. Lakini chini ya taya, ngozi yake iliinuka... ikalala. Ikainuka... ikalala.

"Wangu bado yumo humu," akasema. "Kila siku naomba asivuliwe."

Sufuria ikanitoka mkononi, ikazama. Sikumwambia Ivor kitu. Nilijiambia ni uchovu, ni mvua, ni harufu ya tope.

Jumapili asubuhi Ivor alikuwa ameketi nje ya hema, anakaanga soseji za mwisho na kuimba vibaya. Upande wa kushoto, kama hatua thelathini, fimbo ya Clive ilipinda. Akasimama. Akapambana. Akatia wavu wake chini ya samaki, akamwinua.

Ubavu wa njano.

"Ratili sita na nusu!" Clive akapiga kelele za furaha. "Alwyn, njoo na kamera!"

Kikaango kikaanguka. Ivor alikuwa ameshika koo. Nikadhani ni soseji. Nikampiga mgongoni, mara moja, mara tatu, nikamkumbatia kwa nyuma nikambana kifua. Hakuna kilichotoka. Akateleza mikononi mwangu, akalala chali kwenye matope, midomo inageuka rangi ya zambarau. Hakukohoa. Hakupiga kelele. Mdomo wake ulifunguka tu, ukafunga. Ukafunguka, ukafunga.

Nikainua macho, nikamwona samaki kwenye mkeka wa Clive.

Mdomo ulikuwa unakwenda pamoja na wa mdogo wangu.

"Mrudishe!"

"Ngoja nimpime."

"Clive, mrudishe majini!"

"Jana unamuua, leo unamwonea huruma? Shika kamera, bwana, dakika moja tu."

Nilimpiga. Rafiki wa miaka arobaini, nilimpiga ngumi ya pua, na mpaka leo nasikitika kwamba ilikuwa moja. Nikamnyakua samaki, nikamtupa. Sikumshika, sikumsubiri, nilimtupa kama jiwe.

Chubwi.

Nyuma yangu Ivor akavuta pumzi ndefu yenye mlio, kama mtu aliyetolewa kisimani.

"Soseji," akasema alipoweza kusema. "Soseji zako zitaniua, kaka."

Hospitali walimpima mara tatu. Walisema ini wakati mwingine hushangaza. Chama kikanifukuza kwa kumpiga katibu. Haikunizuia. Kila Jumamosi nilisimama nje ya uzio wa Hollin na kuwafokea watu waliokuwa wanavua. Waliniita mwehu, na sura ya mwehu nilikuwa nayo. Mara mbili kiangazi kile Ivor alianguka, mara ya kwanza dukani, mara ya pili kwenye ngazi za nyumba yake, akainuka baada ya dakika moja bila kujua kilichompata. Mara ya pili nilimpigia Clive kabla hata sijamfikia Ivor. Nilimsihi kwa jina la mama yake aniambie kama yule samaki alivuliwa. Akanijibu kwa chuki: ndiyo, yule wa njano alivuliwa asubuhi ile, na mgeni mmoja, akapigwa picha, akarudishwa. Ninyi mna nini na samaki yule?

Mwezi wa Septemba nilikwenda kumtazama Ivor jikoni kwake. Alikuwa amenenepa. Mashavu yake yalikuwa mekundu ya afya. Akafungua friji, akatoa kopo la bia, akalifungua mbele yangu. Psss.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Daktari amesema ini ni jipya."

Hapo ndipo niliposhindwa. Ningemwambia kwa upole tangu Juni, siku yoyote, tukiwa tumetulia. Nilimwambia nikipiga meza. Nilimwambia yote: mzee, reki, samaki, pumzi. Nikamwambia, "Uhai wako unaogelea kwenye tope pale, kwa sababu yangu, na wewe unakaa hapa unakunywa!"

Alinisikiliza. Halafu akacheka mpaka bia ikamtoka puani.

"Kwa hiyo mimi ni samaki."

"Wewe ni mjinga."

"Na wewe ndiye uliyefukuzwa kwenye chama kwa kumpiga Clive kwa sababu ya soseji!" Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Unazunguka unaniaibisha, watu wananiuliza kaka yako ana nini. Sasa sikiliza. Nitamvua mimi mwenyewe. Nitamlaza mkekani, nitavuta sigara nzima, na nitakutumia picha. Labda utaniacha niishi."

"Nenda basi!" nikamwambia. "Nenda kamvue!"

Nilibamiza mlango. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake ana kwa ana.

Kwenye cheti cha kifo daktari aliandika moyo. Mtu aliyemkuta alimkuta amelala kifudifudi kwenye mvua, samaki chini ya kifua chake, hatua moja kutoka kwenye maji. Alikuwa anatambaa. Wote wawili walikuwa wamekufa. Kwenye mazishi Clive alinishika mkono, akaniambia kwamba angalau alikufa akifanya alichokipenda. Ilibidi watu wanne wanishike.

Lakini kuna jambo moja sijamwambia mtu.

Alhamisi ile aliyokufa, saa nne asubuhi, niko nyumbani kwangu, maili ishirini na mbili kutoka Hollin, simu ililia. Ilikuwa picha. Samaki wa njano kwenye mkeka uliolowa, na pembeni kidole gumba cha Ivor kimeinuliwa juu. Chini ameandika: *Ndiyo kwanza namtoa. Tazama, bado napumua.*

Nikampigia papo hapo. Simu ikapokelewa.

"Ivor?"

Nikasikia mvua ikipiga plastiki. Nikasikia kitu kinaburuzwa kwenye majani.

"Ivor, mrudishe! Mrudishe majini, mdogo wangu, nisamehe, mrudishe!"

Halafu karibu kabisa na simu, nikasikia mdomo ukifunguka, ukifunga. Pa... pa... pa.

Nikasikiliza vizuri. Ilikuwa midomo miwili, inakwenda kwa pigo moja.

Niliita mpaka ikabaki mvua.